Filta ya bwawa la nyumbani: mchanga wa 500, 600, 750, au kartriji?

"Chukua kubwa tu bosi, kubwa haijawahi kumtesa mtu." Maneno haya utayasikia kwenye maduka mengi ya vifaa vya mabwawa, na anayeyasema ana nusu ya ukweli. Filta ndogo mno ni mateso ya kila wiki, hilo halina ubishi. Ila filta ya mchanga iliyoizidi nguvu pampu yake nayo ina ugonjwa wake. Ni ugonjwa wa polepole, unajitokeza baada ya mwaka mmoja au miwili, risiti imeshapotea na muuzaji hakukumbuki tena.

Nitalinganisha filta nne ambazo mwenye bwawa la kawaida hukutana nazo: ya mchanga yenye kipenyo cha milimita 500, ya 600, ya 750, na ya kartriji yenye kitambaa cha mita za mraba 14 hivi. Ili hesabu zisielee, nimeshika bwawa moja la mfano: mita 8 kwa 4, upande wa watoto kina mita 1.2, upande wa pili 1.8, sakafu ikiteremka sawasawa. Wastani wa kina ni 1.5, kwa hiyo maji ni 8 × 4 × 1.5, yaani mita za ujazo 48, au lita 48,000. Pampu ni ile iliyozoeleka ya kilowati 0.75, ambayo mafundi huiita ya hosipawa moja, na nimeichukulia kuwa inatoa mita za ujazo 12 kwa saa. Bwawa lako likiwa tofauti, badilisha namba tu, njia ni ile ile.

(Zipo pia filta za unga wa diatomu, zinazochuja kuliko zote hizi. Naziacha. Vumbi la unga ule halifai kuvutwa puani, na si kila kijana anayehudumia bwawa utamkuta amevaa barakoa.)

Vigezo kwanza

Kigezo cha kwanza ni mzunguko. Ukitaka maji yote ya bwawa letu yapite kwenye filta kwa saa 6, unahitaji mtiririko wa mita za ujazo 8 kwa saa. Kwa saa 8 zinatosha 6, kwa saa 4 unahitaji 12. Wengi hujikwaa hapa, wakidhani mzunguko mmoja umechuja kila tone. Maji safi yanarudi bwawani na kuchanganyika na machafu, kwa hiyo kuna maji yanayopita mara mbili na mengine hayajapita hata mara moja. Kwa hesabu ya kuchanganyika, mzunguko mmoja hufikia kama asilimia 63 ya maji, miwili 86, mitatu 95. Pwani, ambako maji ya bwawa hukaa kwenye nyuzi 28 hadi 30 na ukijani unaingia ukigeuza mgongo tu, mimi hulenga mizunguko miwili kwa siku. Nairobi au Arusha kwenye baridi ya Juni na Julai, mmoja na nusu unatosha.

Cha pili ni kasi ya maji kupita kwenye mchanga. Chukua mtiririko wa pampu, gawanya kwa eneo la uso wa mchanga ndani ya tangi. Watengenezaji wengi wa filta za nyumbani huandika uwezo wa filta zao wakichukulia kasi ya mita 50 kwa saa, na hiyo ndiyo dari. Kwenye 30 hadi 40 mchanga unakamata vizuri zaidi. Ukivuka 50, uchafu mdogo unasukumwa upite na kurudi bwawani. Namba ya kwenye lebo ya filta ichukulie kama ile 180 ya kwenye dashibodi ya gari: ipo, lakini hakuna anayeingia nayo Kariakoo.

Cha tatu, na ndicho kinachosahaulika, ni kuosha. Filta ya mchanga huoshwa kwa kugeuza vali ili maji yaingie kwa chini, yapande juu, yamwagwe nje. Mafundi huita bekiwoshi. Kazi ya maji hayo ni kuuinua mchanga wote ucheze kama uji unaotokota, punje zisuguane, uchafu uachie. Mchanga wa silika wa milimita 0.5 hadi 1 unahitaji kasi ya mita 40 hadi 50 kwa saa ili uinuke. Na sisi wa pwani joto linatuongezea kazi: maji ya vuguvugu hutiririka kwa wepesi kuliko ya baridi na huzivuta punje kwa nguvu ndogo, kwa hiyo kasi inayotosha kuinua mchanga kwenye maji ya nyuzi 15 kule Ulaya inaweza kuutikisa tu kwenye bwawa la Kigamboni. Ukiwa huku, ilenge 50 zaidi ya 40.

Unaona sasa tatizo la "kubwa tu". Wakati wa kuchuja, filta kubwa inapunguza kasi na hilo ni jema. Wakati wa kuosha, ukubwa ule ule unapunguza kasi tena, na hapo ndipo unapokuumiza.

Kabla hujakanyaga dukani, ukiwa na filta ya zamani bado inafanya kazi, fanya kipimo hiki. Tafuta pipa la lita 200. Zima pampu, geuza vali kwenye bekiwoshi (mkono wa vali haugeuzwi pampu ikiwa inazunguka, utakata gasketi), washa, acha maji yatoke mpaka yawe meupe, kisha elekeza bomba la kumwagia ndani ya pipa huku umeshika saa. Pipa likijaa kwa sekunde 60, una mita za ujazo 12 kwa saa. Sekunde 40 ni 18. Sekunde 90 ni 8. Kipimo hiki nakiamini kuliko kibandiko cha pampu, kwa sababu kibandiko hakijui mabomba yako ni marefu kiasi gani wala yana kona ngapi.

Vigezo vitatu vilivyobaki nitavitaja kwa haraka. Maji yako yanatoka wapi: anayejaza kwa kisima chake na anayenunua boza hawawezi kuangalia bekiwoshi kwa jicho moja. Umeme: pampu iliyoandikwa 0.75 huvuta kama kilowati 1 kwenye mita, kwa hiyo saa 8 ni uniti 8, na kwa mwezi 240. Na bomba lililokwisha kuzikwa: kama chini ya vigae kuna bomba moja tu la kuvuta la milimita 50, hutapitisha humo mita za ujazo 18 kwa saa bila pampu kulia, kwani maji yatakuwa yanakimbia mita 3 kwa sekunde wakati upande wa kuvuta haupaswi kuzidi 2.

Namba za filta zetu nne, pampu ikitoa 12:

| | Mchanga 500 | Mchanga 600 | Mchanga 750 | Kartriji |
|---|---|---|---|---|
| Eneo la kuchujia (mita za mraba) | 0.196 | 0.283 | 0.442 | 14 |
| Kasi ya kuchuja (mita kwa saa) | 61 | 42 | 27 | 0.86 |
| Mtiririko unaohitajika kuosha (mita za ujazo kwa saa) | 8–10 | 11–14 | 18–22 | hauhitajiki |
| Mchanga wa kujaza (kilo) | 85–100 | 125–150 | 250–300 | – |

Mchanga, milimita 500

*Kuchuja.* Kwa pampu yetu ya hosipawa moja, 61 ni juu ya dari. Maji yatang'aa siku za kawaida, kisha watoto wa mjomba wakija Jumamosi yatafifia na kukaa hivyo mpaka Jumanne. Ila usiilaumu filta kabla hujaangalia pampu. Iweke na pampu ya kilowati 0.55 inayotoa 8 hadi 9, kasi inashuka hadi 41–46, na filta hiyo hiyo inakuwa na adabu.

*Kuosha.* Hapa ndiyo bora kuliko zote za mchanga. Pampu yoyote ya nyumbani inauinua mchanga wake bila jasho. Tatizo ni kwamba inajaa haraka. Msimu wa vumbi au majani tegemea kila wiki.

*Maji na umeme.* Dakika 3 za kuosha kwa mtiririko wa 9 ni lita 450, ongeza lita 150 za kusuuza, jumla 600. Mara nne kwa mwezi ni lita 2,400. Kwa pampu ndogo utahitaji saa 12 kupata mizunguko miwili, ambazo ni uniti 9 au 10 kwa siku, kwa hiyo usitegemee kuokoa umeme hapa kwa sababu tu pampu ni ndogo.

*Matunzo.* Mifuko minne ya kilo 25 inatosha kubadilisha mchanga wote, kazi ya asubuhi moja.

*Anayefaa.* Mwenye bwawa dogo, tuseme mita 6 kwa 3 lenye kina cha wastani 1.4, ambalo ni mita za ujazo 25 tu. Familia ndogo, hakuna mti juu. Kwa bwawa letu la 48 inawezekana, lakini hakuna nafasi ya kupumua.

Mchanga, milimita 600

*Kuchuja.* Kasi ya 42 filta ikiwa safi. Kadiri inavyojaa, mtiririko unashuka hadi 10 hivi na kasi inakuwa 35, ambayo ni nzuri zaidi. Usishangae: filta ya mchanga iliyochafuka kidogo huchuja vizuri kuliko iliyotoka kuoshwa, kwa sababu uchafu ulionaswa unaziba mianya na kunasa mwingine. Ndiyo maana wanaofanya bekiwoshi kila siku "ili maji yawe safi" hupata maji yenye ukungu na bili ya maji.

*Kuosha.* Inapita, lakini kwa pembeni. Pampu yetu inatoa 12, filta inataka 11 hadi 14. Pipa likijaa ndani ya sekunde 60 uko salama. Likichukua sekunde 75, kasi ni 34 na mchanga hauinuki wote. Mara nyingi sababu ni ndogo: kikapu cha pampu kimejaa majani, au bomba la kumwagia limebanwa na kupandishwa ukuta. Kagua hayo kabla ya kununua pampu nyingine.

*Maji na umeme.* Lita 700 kwa kila kuosha, mara mbili kwa mwezi, yaani 1,400. Saa 8 za pampu zinatoa mita za ujazo 96, mizunguko miwili kamili, kwa uniti 8.

*Matunzo.* Mifuko mitano au sita ya mchanga. Vali na mabomba yake kwa kawaida ni ya inchi 1 na nusu, yanayoungana na bomba la milimita 50 lililopo bila kuvunja kitu.

*Anayefaa.* Bwawa la mita za ujazo 35 hadi 55 lenye pampu ya hosipawa moja inayofanya kazi vizuri. Udhaifu wake ni kwamba inategemea pampu ibaki na afya. Pampu ikichoka, filta ya 500 inavumilia, ya 600 inaanza kulalamika.

Mchanga, milimita 750

*Kuchuja.* Raha tupu. Kasi ya 27 ni ya kuhurumia mchanga, uchafu unakaa juu unapotakiwa kukaa, na unaweza kupita wiki tatu au nne bila geji ya presha kusogea kwa maana. Mwezi wa kwanza utamshukuru aliyekuambia uchukue kubwa.

*Kuosha.* Sasa tuje kwenye ule ugonjwa. Pampu ya 12 ikisukuma maji kinyume kwenye eneo la 0.442, kasi ni ile ile 27. Mchanga hauinuki. Maji yanatafuta njia nyepesi, yanapanda kwenye vichochoro vichache, yanatoka kwenye kioo cha vali yakiwa meupe baada ya dakika moja, na kijana anaamini amemaliza. Uchafu wa sehemu nyingine umebaki. Mafuta ya kujipaka, jasho na vumbi vinashikana na mchanga taratibu. Niliwahi kufungua tangi la namna hii na kukuta madonge ya ukubwa wa andazi, magumu kiasi cha kuvunjwa kwa mkono kwa nguvu. Mwenye nyumba alikuwa ameongeza klorini kwa miezi, akidhani dawa ndiyo dhaifu.

Tiba ziko mbili. Ya kwanza ni pampu ya kilowati 1.5 inayoweza kutoa 18 na zaidi, pamoja na mabomba ya milimita 63. Hapo angalia usalama: pampu kubwa kwenye bwawa lenye tundu moja tu la kuvutia chini ni hatari kwa mtoto anayepiga mbizi, maana nywele au mwili unaweza kunaswa. Yawe matundu mawili yaliyounganishwa, yenye vifuniko vizima. Tiba ya pili ni pampu yenye spidi inayobadilika, inayozunguka taratibu ikichuja na kwa nguvu zote ikiosha, nayo inataka mabomba na matundu hayo hayo.

*Maji na umeme.* Kila kuosha ni lita 1,000 na kidogo, lakini mara moja kwa mwezi, hivyo jumla ni ndogo kuliko za zile mbili. Umeme unategemea tiba uliyochagua. Pampu ya 1.5 ya kawaida huvuta karibu kilowati 2. Ukiiendesha saa 8 kwa mazoea ni uniti 16 kwa siku, na maji yanazunguka mara tatu bila mtu kuomba. Ile ya spidi inayobadilika ni hadithi nyingine: spidi ikipunguzwa nusu, mtiririko unashuka nusu, lakini umeme kwa nadharia unashuka hadi moja ya nane. Kiuhalisia si moja ya nane kamili, tuseme kilowati 0.3 badala ya 2. Kwa saa 10 unapata mita za ujazo 100 kwa uniti 3 hivi. Linganisha na uniti 8 za hosipawa moja. Bei yake ya kununua ndiyo inayokimbiza watu, pamoja na hofu ya umeme wetu unaopanda na kushuka. Kifaa cha kulinda volteji hapa ni lazima.

*Matunzo.* Mifuko kumi hadi kumi na miwili. Pima mlango wa chumba cha pampu kabla ya kulipa.

*Anayefaa.* Bwawa la mita za ujazo 60 hadi 90, nyumba ya wageni Jambiani au Diani ambako watu wanaingia majini wamejipaka mafuta ya jua toka asubuhi, na anayejenga sasa hivi ambaye bado anaweza kuchagua bomba na pampu pamoja. Kwa bwawa letu la 48 inafaa ikija na pampu ya spidi inayobadilika. Bila hiyo, ninaikataa.

Kartriji, mita za mraba 14

*Kuchuja.* Hiki ni kitambaa cha poliesta kilichokunjwa mikunjo ndani ya tangi. Hunasa chembe za maikroni 10 hadi 20, wakati mchanga huishia 20 hadi 40. Unywele wa mtu ni kama 70. Kasi ya juu kwa matumizi ya nyumbani ni mita 2.4 kwa saa, na ukikaa chini ya 1 kitambaa kinadumu zaidi. Sisi tuko 0.86. Hapa ushauri wa "chukua kubwa tu" ni sahihi kabisa, kwa sababu hakuna bekiwoshi ya kuhofia. Ya mita za mraba 9 ingefanya kazi pia kwenye bwawa letu, ila ungeitoa kuiosha mara nyingi zaidi.

*Kuosha.* Unazima pampu, unafungua tangi, unatoa kartriji, unaipiga maji ya bomba la bustani kutoka juu kwenda chini, mkunjo kwa mkunjo. Mashine ya kuoshea magari isikaribie, itachana nyuzi. Mafuta yakiingia, iloweke usiku kucha kwenye maji yenye sabuni ya kutoa mafuta. Asidi, kama kuna chokaa, inakuja baada ya mafuta kutoka. Ukianza na asidi, mafuta yanagandia humo na kartriji imekwisha.

*Maji na umeme.* Lita mia mbili hivi kwa kuosha. Kwa anayenunua boza, au anayeishi Nairobi mtaa ambao maji ya bomba yana siku zake, tofauti na mchanga inaonekana. Ingawa, tuwe wakweli: bwawa letu lina uso wa mita za mraba 32, na jua likilipunguza milimita 5 kwa siku, zinaondoka lita 160 kila siku, 4,800 kwa mwezi. Anayelia na bekiwoshi ya lita 1,400 aanze na kifuniko cha bwawa. Kwa umeme, upinzani wa kartriji safi ni mdogo, hivyo pampu ndogo inaimudu.

*Matunzo.* Kitambaa hudumu mwaka mmoja hadi mitatu, kutegemea uchafu na mkono wa anayekiosha. Mchanga unaupata hata ukichelewa. Kartriji ni lazima iwe ya ukubwa na umbo lile lile, na duka likiishiwa unasubiri mzigo. Nunua mbili toka mwanzo, moja ikae majini na nyingine ikauke.

Kuna jambo moja linaloiondoa kartriji kwenye baadhi ya nyumba. Bwawa likigeuka kijani, au vumbi jekundu likiingia majini, chembe za udongo wa mfinyanzi ni chini ya maikroni 2. Hakuna filta kati ya hizi nne inayozinasa peke yake. Dawa ni shabu, ile ile iliyotuliza maji ya mtungini kwa bibi: inazikusanya ziwe mabonge, zinatua chini, kisha unazinyonya na kuzimwaga moja kwa moja nje bila kupitia kwenye filta. Vali ya filta ya mchanga ina nafasi hiyo ya kumwaga. Filta nyingi za kartriji hazina, na shabu ikiingia kwenye kitambaa inakiziba kama gundi.

*Anayefaa.* Mwenye maji ya shida, bwawa lililo mbali na barabara ya vumbi, na mtu makini nyumbani ambaye hatachoka kufungua tangi.

Kwa hali yako

Kama una bwawa la mita za ujazo 45 hadi 50, pampu ya hosipawa moja inayojaza pipa ndani ya dakika moja, na unataka kubadilisha filta tu bila kuvunja kigae, ya 600 ndiyo inayokaa vizuri. Pipa likichukua sekunde 75 hata baada ya kusafisha kikapu, unabaki na njia mbili: urekebishe pampu kwanza, au uchukue kartriji.

Kama bwawa ni chini ya mita za ujazo 30, ya 500 na pampu ya 0.55 zitakuhudumia, na fedha iliyobaki inunue kifuniko.

Unajenga na mabomba hayajazikwa? Zika ya milimita 63 hata kama leo utaanza na filta ya 600. Tofauti ya bei ya bomba ni ndogo ukilinganisha na kupasua sakafu baadaye. Na ukimudu pampu ya spidi inayobadilika, ya 750 inaingia mezani hata kwa bwawa la 48.

Ukiwa Dodoma, Moshi au popote penye udongo mwekundu na kiwanja cha jirani kinajengwa, baki kwenye mchanga, ukubwa wowote unaolingana na pampu yako, kwa sababu ya ile nafasi ya kumwaga nje. Pwani, pepo zikivuma na mivinje ikipukutika, kikapu cha skima (ule mdomo wa ukutani unaovuta majani yanayoelea) kinachomwagwa kila asubuhi kitakusaidia kuliko milimita 100 za kipenyo.

Unayejaza kwa boza na una shimo dogo la kunyonyea maji, kartriji inakuepusha pia na swali la wapi pa kumwaga. Maji ya bekiwoshi yana klorini. Usiyaelekeze kwenye shimo la choo, yataua vijidudu vinavyomeng'enya uchafu, wala kwenye ukuta wa jirani.

Kwa filta yoyote ya mchanga utakayobeba, nunua na silika yake. Mchanga wa ufukweni una vipande vya kombe, ambavyo huyeyuka taratibu ukitia asidi na kuchezea vipimo vya maji. Wa kujengea una udongo. Siku ya kwanza baada ya kujaza na kuosha, soma geji na uandike namba hiyo ukutani kwa kalamu ya wino mzito. Ikipanda kwa bar 0.5 juu ya hapo, osha. Isipopanda, iache.

Na kama tayari unayo 750 yenye pampu ndogo na huna mpango wa kununua pampu mwaka huu, hujakwama. Mara moja kila miezi sita zima pampu, toa presha, fungua tangi, ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na uchokonoe mchanga. Ukigusa madonge, yavunje, ingiza bomba la bustani uukoroge mchanga wa juu mpaka maji yanayofurika yawe meupe, funga, kisha fanya bekiwoshi ya dakika 5. Angalia tu usiguse kwa nguvu yale mabomba membamba ya chini. Yakivunjika, mchanga utahamia bwawani.